Nukta ya Kijani

Upana wake ni pikseli kumi na mbili.
Punje ya mtama ni kubwa kuliko hiyo.
Sijawahi kulipwa kuchora kitu kidogo hivi,
na wiki ya tatu sasa inaninyima usingizi,
hapa Dundee, ghorofa ya nne, mtaa wa Seagate,
radieta ikikohoa, mvua ikija kwa ubavu
kutoka mto Tay.

Agizo lilikuwa fupi. Mfanyakazi akiwa kazini, nukta iwake.
Asipogusa kibodi dakika tano, iwe majivu.
"Watu wanataka kujua nani yupo,"
alisema Struan, msimamizi wetu,
nami nikaitikia kwa kichwa
kabla neno halijanikwama,
maana yeye alilisema kwa lugha yake
nami nililisikia kwa yangu.
Yupo: pale, penye kuonyeshwa kwa kidole?
Yuko: huko kusikojulikana, ila ukimwita ataitika?
Au yumo,
amezama ndani ya kazi hata jina lake halisikii,
na huyu ndiye nukta humgeuza majivu
kwa kuwa anafikiri na vidole vimetulia.

Jumanne nilikwenda Lochee, nyumbani kwa Mairead Dow,
mhasibu wa mishahara mwaka wa kumi na tisa.
Kanuni ya ziara hizi: tazama, usielekeze.
Nikakaa nyuma ya bega lake na daftari langu.
Akajibu watu watatu, akafuta kosa, akapiga mwayo,
kisha kengele ndogo ikalia chumba cha pili.
Akainuka. Akachukua kijiko cha chai,
akakilaza juu ya kitufe kirefu cha kibodi
taratibu, kama mtu amfunikaye mtoto,
akaenda kumgeuza mumewe kitandani.

Dakika kumi na moja
mimi na kijiko tulitazamana.
Kwenye ukurasa nafasi tupu zilijipanga,
mstari chini ya mstari, barua isiyo na neno,
na kando ya jina lake nukta yangu,
mbichi kama mchicha,
ikitoa ushahidi wa uongo bila kupepesa.

Aliporudi mikono ilinuka sabuni.
"Kikombe ni kizito mno," akaniambia,
"kinabonyeza vitufe viwili."
Alikwisha kufanya majaribio yake
zamani, kabla yangu.

Alhamisi kikaoni nilionyesha mkono tu, na kijiko.
Sura nilikuwa nimeikata.
Kimya. Kisha Struan: je, programu inaweza kukitambua kijiko?
Mtu mmoja akacheka, akaona hacheki na mwenzake.
"Hakuna aandikaye nafasi tupu mia sita," akaendelea,
"ni rahisi kugundua."
Nikasema tunaweza kuiondoa.
"Kuondoa nini?"
"Nukta."
Akasema wateja wameilipia.
Ni kweli wameilipia. Na mshahara wangu umo humo humo,
kwa hiyo nilinyamaza kidogo kuliko nilivyotaka
na kirefu kuliko nilivyopaswa.

Tulichopata: dakika thelathini badala ya tano,
na chini ya jina, kisanduku
mtu ajiandikie mwenyewe alipo, alivyo.
Herufi arobaini. Walinipa ishirini;
nilizigombania zile nyingine
kama mtu anayegombea mpaka wa shamba.

Toleo limetoka Jumatatu.
Wengi wamekiacha kisanduku kitupu.
Mtu wa Aberdeen kaandika: *nakunywa supu, subirini*.
Mairead hakuandika chochote.
Nukta yake ni kijani tangu saa mbili asubuhi
na sijui, na sitaki programu inijulishe,
kama yupo, yuko, au yumo.

Saa kumi giza limeshaingia.
Treni inavuka daraja, madirisha yake yote yanawaka,
kutoka huku huwezi kujua ndani mna abiria wangapi.
Nimesimama jikoni mwa ofisi, maji yanachemka,
droo iko wazi,
na nimejikuta napima vijiko kiganjani,
kimoja kimoja,
natafuta chepesi.